Upande Usio na Picha

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa darasa la jioni kasema kila mtu awe na daftari, aandike kila siku hata mstari mmoja. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika unachokiona. Wewe huongei, lakini macho yako hayalali." Darasa likacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Basi, naandika. Leo mvua imeanza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kule bekari ninakofanya kazi, mikate ya tanuri la pili imeungua. Si mimi.

Jumapili, 9 Machi

Leo ninayo ya kuandika.

Naishi na Fundi. Fundi ni mume wa marehemu mama. Alimuoa mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Anashona viatu, kibanda chake kiko hapo hapo mlangoni kwetu, na mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mama alimwita Fundi. Sasa mimi ningemwitaje? Mama ametutoka mwaka jana, tukabaki mimi na yeye na birika lake mama, lile la bati lenye mdomo mrefu.

Fundi hachezi karata wala hana habari na mpira. Starehe yake ni moja, kuunda meli za mbao. Meli ndogo za kuweka mezani. Juu ya kabati zimejipanga kama kuku wanaolala. Bahari yenyewe hajawahi kuiona. Na mimi sijaiona.

Leo kaanza kubwa kuliko zote, ndefu kama mkono wangu mpaka begani, ya milingoti mitatu. Anaitoa kwenye picha ya kalenda ya zamani iliyotundikwa kibandani. Ila picha inaonyesha upande wa kulia tu. Nikamuuliza, na wa kushoto?

"Huo utaunda wewe," akasema. "Hakuna anayejua ulivyo. Ukikosea, nani atakusuta?"

Nilifurahi mpaka maneno yakanikimbia. Nikasema, "Haya."

Tukiwa tunabomoa kasha la matunda ili tupate mbao, simu ya Fundi ikalia. Simu hiyo sikio limekufa, kwa hiyo huongea kwa spika, na kila anayempigia anasikika mpaka kwa jirani. Alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba aliyenizaa. Akasema, "Fundi, msiba umepita, tunashukuru umetulelea. Sasa kijana arudi kwao. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, nina chumba, na sina wa kunisaidia. Damu nzito kuliko maji."

Fundi aliweka nyundo chini taratibu. Halafu akasema, "Sawa, mzee mwenzangu. Ila kuna meli tumeianza hapa. Tuimalize kwanza. Mvua zikikatika, njoo."

Hakuniangalia. Na mimi sikumwangalia, nilikuwa nang'oa misumari. Ila nimeelewa. Meli ikiisha, na mimi hapa nimekwisha.

Jumatano, 12 Machi

Kinyozi wa jirani mdomo wake haufungi hata mvua ikimnyeshea ndani. Leo kaja kujikinga kibandani.

"Fundi, hii meli mnaishusha majini lini?"

"Haishuki majini. Maji yataiharibu."

"Meli inaogopa maji! Basi na mimi nina wembe unaogopa ndevu."

Nilicheka peke yangu kule ndani. Halafu akauliza ile simu ya juzi ilikuwa ya nani, eti aliisikia akiwa anamnyoa mtu. Fundi akamwambia. Kinyozi akasema, "Damu nzito kuliko maji? Ungemuuliza, na gundi je?"

Fundi aliendelea kugonga soli. Alikuwa na misumari mdomoni.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu kaniambia nieleze kazi ninayoijua, nisiishie kwenye mvua tu. Haya.

Meli ina mkuku, huo ndio uti wa mgongo. Juu ya mkuku kuna mbavu. Juu ya mbavu unavalisha mbao, nyembamba kama rula ya shule. Ubao mkavu haupindi, unavunjika. Kwa hiyo tunachemsha maji kwenye birika la mama, tunaupitisha ubao kwenye mvuke wa mdomo wake, taratibu, mpaka ulegee kama mtu aliyesifiwa. Hapo unaupinda, unaupaka gundi, unaubana na vibanio vya nguo. Nguo zetu siku hizi zinaanikwa bila vibanio, zikidondoka zimedondoka.

Na kuna sheria. Ukiweka ubao kulia, lazima uweke na kushoto kabla ya kuongeza mwingine. Gundi ikikauka inavuta. Ukizidisha upande mmoja, mkuku unapinda, na meli yako itatazama jirani maisha yake yote. Kwa hiyo Fundi anaweka wake, halafu ananingoja. Hata kama nimechelewa kazini, ananingoja.

Jumapili, 30 Machi

Nimeamka nikakuta viatu vyangu vya kazini vimewekwa soli mpya. Sikumwomba. Nilipomshukuru akasema, "Vilikuwa vinanitia aibu, mimi fundi." Nimeleta mikate iliyoungua, tumekwangua weusi, tumekula na chai. Nashukuru. Naona niandike hivyo tu, nashukuru.

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi kapitisha kidole upande wangu akasema, "Mkono wako mwepesi." Kisha akarudi nyuma akaitazama meli yote. "Tumefika nusu."

Sifa ilinishuka kooni kama uji wa moto, kwanza tamu, halafu ikachoma. Nusu! Na mvua yenyewe imeanza mwezi uliopita tu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimekata ubao mfupi. Wala haikuwa bahati mbaya.

Fundi akaupima na jicho. "Umepelea."

"Ndiyo."

"Umeshaugandisha?"

"Nimeshaugandisha, Fundi. Samahani."

"Basi tuutoe. Na wa kwangu tuutoe, meli isielemee." Akachukua birika, akaung'oa kwa mvuke ubao wake uliokaa vizuri kabisa, bila kununa. Roho iliniuma. Ila nimepata siku kadhaa.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Nimepasua mwingine. Eti kisu kimeteleza.

Jumamosi, 19 Aprili

Mchana wa leo mvua ilikuja na upepo, wa kupeperusha mabati. Nilikuwa nasukuma trei za mikate. Msimamizi akasema paa la duka la nyuma limeondoka, nikafikiria paa letu, lile lenye matundu mama alikuwa akiyakinga kwa sufuria. Nikaomba ruhusa. Sijawahi kuomba ruhusa. Msimamizi alishangaa mpaka akanipa.

Nilikimbia, maji yalinifika magotini kule mteremkoni. Njia nzima nilikuwa naiona meli imelowa, mbao zimefumuka, gundi imekuwa uji. Na nitasema ukweli hapa kwa sababu mwalimu hatangazi siri ya mtu. Nusu yangu ilikuwa inaomba iwe hivyo. Ikiharibika, tutaanza upya. Tukianza upya, sitaondoka.

Nilipofungua mlango, maji yalikuwa yanashuka sehemu tatu. Fundi alikuwa amekaa katikati ya chumba juu ya stuli, amejifunika koti la mvua, amejikunja kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Nikadhani anaumwa. Akafungua koti. Ndani amekumbatia meli, na birika la mama limening'inia kwenye kidole chake.

"Meli nzima," akasema. "Wewe umelowa. Kabadili."

Nikaenda kwenye pembe yangu. Godoro langu halikuwepo. Lilikuwa limekunjwa, limefungwa nailoni, limepandishwa juu ya kabati katikati ya zile meli ndogo. Kavu. La kwake lilikuwa pale pale kitandani, linakunywa maji kama sponji.

"Fundi, na lako?"

"Mikono ni miwili," akasema. "Nilianza na yanayoharibika."

Tuliwasha jiko, tukachemsha chai. Kinyozi akaja kuomba ndoo, akaona Fundi ameishika meli kama mtoto mchanga, akasema, "Nilisema mimi. Siku ya gharika, meli ndiyo inaokolewa na watu." Tukacheka sote watatu, maji yanadondoka kwenye sufuria.

Nimemlazimisha tulale mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kwenye godoro langu. Anakoroma. Ile nusu yangu ya njiani naionea haya.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumeziba paa. Mimi juu, yeye chini anaelekeza. Kila mara, "Angalia mguu! Angalia mguu!" Mpaka nikaona miguu yote miwili si yangu.

Ijumaa, 2 Mei

Unga haukufika, barabara imekatika, tukarudishwa mapema.

Nilipofika dirishani nikasikia birika linachemka. Nikachungulia, sijui kwa nini sikuingia moja kwa moja, ni tabia yangu tu. Fundi alikuwa mezani, peke yake, ameshika meli. Mvuke ulikuwa unapita kwenye ubao tuliouweka Jumapili. Ubao wake mwenyewe, wa kulia, uliokaa bila hata upenyo wa kupitisha unywele. Aliupitisha mvuke taratibu, akaingiza kisu, akaung'oa. Halafu akaushika mkononi akautazama, kama mtu anayemwomba mtu samahani.

Nikarudi nyuma, nikakohoa, nikaingia.

"Huu ubao ulikuwa umevimba," akasema haraka. "Unyevu huu. Nimeutoa. Itabidi tutoe na wa kwako."

"Sawa, Fundi."

Nimekaa na hili siku nzima. Kwanza niliona macho yake yamechoka. Halafu nikasema hapana, mtu huyu anatunga uzi kwenye sindano bila kuweka miwani. Halafu nikakumbuka ile sauti yake, ile haraka. Naijua. Ni sauti yangu mimi nikisema kisu kimeteleza.

Mwizi humjua mwizi mwenzake. Fundi naye anaiba siku.

Na mimi nilidhani ananihesabia siku niondoke.

Jumanne, 6 Mei

Tumeweka ubao mmoja mmoja. Tumetoa mmoja mmoja. Wote tumesema ni unyevu.

Jumapili, 11 Mei

Mvua ya manyunyu. Nilikuwa ndani napiga msasa, Fundi na kinyozi nje kibandani. Sikutega sikio. Ukuta wetu ni mbao.

Kinyozi: "Wewe si umwambie tu abaki?"

Fundi: "Nimwambie kama nani? Simo kwenye damu yake. Mama yake ndiye aliyeniweka hapa, na hayupo. Wakija wenyewe nitasema mtoto wenu simtoi?"

"Amekula kwako toka hana meno!"

"Ndiyo maana simwambii. Nikimwambia abaki, atabaki kwa kunionea huruma, au kwa deni. Kijana mwenye haya vile hawezi kumkatalia mtu. Akitaka mwenyewe, atasema."

"Huyo aseme? Huyo akikanyagwa anamwomba radhi aliyemkanyaga."

Kweli kabisa. Juzi nimefanya hivyo hivyo sokoni.

Kwa hiyo ni mimi. Kumbe mlango hauna kufuli, unangoja tu mtu ausukume, na mtu mwenyewe ni mimi nisiyeweza hata kumwambia kondakta nashuka.

Jumatatu, 12 Mei

Nilitaka kumwambia wakati wa chai. Nikasema, "Fundi." Akasema, "Naam." Nikasema, "Sukari imekwisha." Haijaisha.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimejaribu mbele ya tanuri. Nimeiambia mikate: siendi, nabaki. Mikate imekubali. Msimamizi akauliza naongea na nani.

Jumapili, 18 Mei

Leo jua, la kwanza la maana. Mtaa mzima umeanika magodoro. Simu ikalia. Baba Mkubwa: "Fundi, huku mvua zimekatika. Huko je?" Fundi akatazama juu, mbingu buluu, hakuna hata wingu la kusingizia. "Zimekatika," akasema. "Basi Jumapili ijayo nakuja."

Jumamosi, 24 Mei

Mbao zote zimekaa. Milingoti imesimama, kamba za uzi wa nta tumezifunga. Unyevu hakuna tena, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Imebaki nafasi moja tu, upande wangu, katikati ya ubavu. Ubao wake nilishaukata siku nyingi, unakaa sawasawa. Nimeuficha nyuma ya pazia dirishani na kila siku nasema bado naupima. Fundi haulizi umefikia wapi.

Jumapili, 25 Mei

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Baba Mkubwa alifika asubuhi na matope mpaka kwenye ndevu. Ni mtu wa kicheko. Sikuwa nimemwona toka mazishi. Anafanana na picha ya baba, hilo lilinichoma kidogo. Kaniletea shati jipya, lenye kola. Akanikumbatia akasema, "Umerefuka, mwanangu! Utafika kwenye rafu ya rangi bila ngazi."

Nikasema shikamoo. Nikasema asante. Basi, sanduku langu la maneno likawa tupu.

Alikunywa chai, akaizunguka meli mikono nyuma. "Hii ndiyo yenyewe? Mashallah! Sasa mbona imebaki tundu?"

Fundi akasema, "Bado haijaisha. Hapo ndipo pagumu."

"Ubao mmoja?"

"Wa mwisho ndio mgumu."

"Basi nangoja," Baba Mkubwa akasema, akavua kofia, akakaa. "Basi langu ni la jioni. Nina siku nzima."

Fundi akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza msimu mzima kunitazama hivyo, usoni, moja kwa moja. Halafu akageukia ukuta.

Niliona njia yangu ipo wazi. Ningesema ubao umepasuka. Fundi angeniunga mkono. Baba Mkubwa angerudi wiki nyingine, na sisi tungeendelea kuiba siku mpaka mvua nyingine, tunadanganyana kwa adabu. Ila nikamwona Fundi vile alivyosimama, mtu mzima amenyamazishwa na tundu la ubao mmoja. Nikasema moyoni, hapana, tumeficha vya kutosha.

Nikaenda dirishani nikautoa ubao. Nikachemsha maji. Nikaupitisha kwenye mvuke wa birika la mama, taratibu, nikaupinda, nikaupaka gundi. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi, nyuma yake mteja mwenye ndevu upande mmoja.

Ubao wa mwisho haubaniki na vibanio, hauna ukingo wa kushika, umezungukwa na wenzake. Ni vidole tu. Nikabonyeza mbele, nyuma ikainuka. Nikabonyeza nyuma, mbele ikainuka. Fundi akaona, akaja, akaweka vidole gumba vyake kwenye ncha ya pili. Uso wake ulikuwa umesinyaa, kama mtu anayemsaidia mwingine kufunga mizigo ya safari. Ukakaa. Kabisa.

"Hongereni!" akasema Baba Mkubwa. "Imeisha. Haya kijana, kachukue begi lako."

Sikuweza kwenda popote, ukiachia gundi haijashika ubao unaruka. Fundi naye hakuweza. Tulikuwa tumefungwa pale wote wawili, pua kwa pua. Nadhani kama ningekuwa na mahali pa kukimbilia ningekimbia.

"Imeisha," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ila siendi, Baba Mkubwa."

"Umesemaje?"

"Siendi. Nashukuru sana. Nakaa hapa kwa baba."

Nilikuwa natazama vidole tu. Nikaona tone limedondoka kwenye sitaha ya meli, halafu jingine. Fundi hakuweza kujifuta, mikono imeshika.

"Mvuke huu," akasema. "Mvuke wa birika unaingia machoni."

"Birika limeepuliwa kitambo," kinyozi akasema.

"Wewe kanyoe!" Fundi akamfokea, na mteja pale nje akasema, "Ndiyo, tafadhali."

Baba Mkubwa alinitazama muda mrefu. Nilimwogopa. Halafu akashusha pumzi, akachukua kofia yake akaigeuza geuza. "Ningejua ungesema toka mwanzo," akasema polepole, "nisingekanyaga matope yote haya na viatu vya harusi." Akaivaa kofia. "Baba yako naye alikuwa hivi. Kimya, kimya, halafu anasema neno moja na hulitingishi. Shati hilo livae. Uje kunisalimia. Nikikuita kwenye shughuli, uje."

"Nitakuja."

"Na huyu mje naye," akasema, akimwonyesha Fundi kwa kidevu.

Gundi iliposhika tuliachia. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Baba akaangalia chini, akaona kiatu cha kulia cha Baba Mkubwa soli imeachama. "Kiatu chako kinacheka," akasema. "Mtu hatoki kwangu hivyo. Vua." Akaketi kibandani akakishona kwa uzi ule ule wa kamba za meli, na Baba Mkubwa alikaa kando yake na soksi, wanabishana bei ya simenti mpaka basi likaja.

Nashukuru. Sijui neno lingine, mwalimu atanisaidia.

Jumatatu, 26 Mei

Jua kali. Vibanio vimerudi kwenye kamba ya nguo, kwa muda tu.

Nimerudi kutoka kazini nikakuta baba ameshachonga mkuku mwingine. Uko mezani, umenyooka. Nikatazama kibandani, nikatazama ukutani. Nikauliza, baba, picha ya hii iko wapi?

"Hii haina picha," akasema. "Kaa huko kwako."

Nimekaa. Yeye kulia, mimi kushoto.